Fundi anataka kuichipu PS3 ya mtoto: maswali yenu

Majuzi nilitaja kwa kupita tu kwamba PS2 yangu, mashine ya gemu ya Sony, inacheza vizuri ingawa haijasoma CD kwa miaka. Maswali yakamiminika kama mvua ya Aprili. Nimechukua matano.

Mama wa watoto wawili, Kayole: *PS3 ya kijana wangu imekataa CD. Fundi wa Luthuli anasema tusibadilishe lenzi, aichipu tu. Kuna faida, ama ananilia pesa?*

Faida iko, mama, lakini kwanza geuza mashine usome kibandiko. Utaona herufi CECH na namba. Ikianza na 20 au 21, inakubali programu ya kudumu inayochukua nafasi ya ile ya Sony, ambayo mafundi huiita CFW. Za 25 hupimwa kwanza kama zinaikubali. Kuanzia 3000 kwenda juu, pamoja na zile nyembamba za mwisho, hupata HEN pekee, programu ya muda, na hiyo lazima uiwashe tena kila mara mashine inapozimwa. Si shida, ni kubonyeza tu. Ila usikubali kuuziwa HEN kwa bei ya CFW. (Neno "kuchipu" limebaki kutoka enzi ambapo fundi alichomelea chipu kwelikweli. Hapa hakuna cha kuchomelea, ni programu.)

Lenzi huchoka mapema, na hata ukiweka mpya nayo itachoka. Mashine ikishawekewa programu hiyo, gemu mnazomiliki huhamishwa kwenye diski ya ndani na lenzi inapumzika. Sasa sikia jambo ambalo fundi huenda asikwambie: mashine yenu haisomi CD, kwa hivyo haiwezi kunakili chochote yenyewe. Peleka CD zenu kwenye PS3 nyingine iliyokwisha kuwekewa programu, zinakiliwe huko, kisha zije kwa diski ya USB. Akikwambia "nitakuwekea gemu mia", muulize anazitoa wapi.

Halafu kuna joto. Programu ya webMAN inakuonyesha nyuzi za joto kwenye skrini na kukuruhusu kuongeza kasi ya feni, jambo ambalo PS3 ya kawaida haikupi. Kwangu ndiyo faida kubwa kuliko zote, kwa sababu joto ndilo linaloua mashine hizi. Hata hivyo, mwambie fundi atoe vumbi na abadilishe pesti ya kupoza prosesa kabla ya kugusa programu. Feni haiwezi kushindana na vumbi la Kayole la miaka kumi.

Mwenye kibanda cha PS, Githurai: *Nina PS2 nne, na watoto wanamaliza CD kwa kuzikwaruza. Ni kweli memori kadi inatosha kucheza bila CD?*

Inatosha, bwana. Memori kadi yenye Free McBoot, programu ya kufungulia PS2, inachomekwa, mashine inawaka, unafungua OPL, programu ya kuchezesha gemu bila CD, na kuchagua gemu. Hakuna skrubu inayoguswa. Angalia tu namba chini ya mashine: nyingi za mwisho, zile za SCPH-9000x, zinaikataa kadi hiyo.

Usikimbilie kuweka gemu kwenye flashi, lakini. Mlango wa USB wa PS2 ni wa kizazi cha zamani na ni wa pole sana: video ya mwanzo inakwama, mtangazaji anameza maneno, na wateja wako wataanza kudai walipie nusu. Wewe una mashine nne, tumia waya wa mtandao. Kompyuta moja kuukuu ikiwa na gemu zote, swichi ndogo katikati, na PS2 zote zivute kutoka hapo. Zile nene hata zinapokea diski kuu ndani, ukiwa na adapta yake.

FIFA 14 ndiyo FIFA ya mwisho kutolewa kwa PS2, kwa hiyo vikosi vimegandia huko. Mashabiki hutengeneza vikosi vipya na kuviingiza kwenye nakala ya gemu. CD halisi haiwezi hivyo.

Mwanafunzi, Juja: *Sheria inasemaje?*

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamruhusu anayemiliki programu kihalali kuweka nakala ya akiba. Sheria hiyohiyo inakataza kuvunja vizuizi vya kiufundi vinavyolinda kazi ya mtu. Hapo katikati ndipo sote tunasimama, na mguu mmoja hauko vizuri. Kupakua gemu usiyonunua hakuna utata: ni wizi. Ila sina huruma nyingi kwa kampuni. PS3 ilipotoka, Sony yenyewe iliruhusu kuweka Linux. Tarehe 1 Aprili 2010 sasisho likaiondoa ruhusa hiyo kwenye mashine ambazo watu walishalipia.

Mnunuzi wa mtumba, Eastleigh: *Nimepata Wii (mashine ya gemu ya Nintendo) ya Japani, CD za Ulaya zinakataa.*

Kabla ya CD: soma adapta ya umeme. Ya Japani ni ya volti 100, sisi tuna 240. Ukiichomeka ukutani hivyo, utasikia mlio mmoja tu. Tafuta adapta ya hapa.

Wii imefungwa kwa eneo, yaani inakubali CD za eneo lake tu, na programu mbadala inaondoa kifungo hicho. Duka la mtandaoni la Wii lilifungwa 30 Januari 2019, kwa hiyo bila Homebrew Channel, programu ya kuendeshea programu zisizo za Nintendo, huongezi kitu. Ukishaiweka, kazi ya kwanza ni programu ya BootMii: hifadhi nakala ya kumbukumbu yote ya ndani kwenye SD kadi, uifiche.

Kaka wa South B: *Na Switch yangu mpya, ile mashine ya sasa ya Nintendo?*

Kama unacheza mtandaoni, iache. Nintendo hufungia mashine zilizoguswa. Hizi kazi ni za mashine ambazo kampuni imeshazisahau.

Na nyote mnaoweka CFW: msianze bila UPS, betri ya kushikilia stima ikipotea. Nilikuwa nimebakisha dakika chache, mstari wa bluu umefika karibu robo tatu, stima ikapotea mtaa mzima. Iliporudi, PS3 iliwaka taa ya kijani, skrini ikabaki nyeusi. Iko juu ya kabati hadi leo, na mke wangu huiwekea chombo cha maua.