Tundu la ozoni kwenye katuni

SWALI: Nawachorea darasa la sita katuni ya ongezeko la joto duniani. Nimeonyesha jua likipenya kwenye tundu la ozoni. Ni sahihi? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Hapana, Mwalimu, lifute. Tundu la ozoni, yaani kupungua kwa gesi ya juu angani inayozuia miale hatari ya jua, ni tatizo jingine, na watoto wakishalishika haliwatoki. Chora ardhi ikitoa joto kwa mishale myekundu, mingine ikinaswa na vitone vya gesi ya kaboni dioksaidi na kurudishwa chini. Picha ya kwanza iwe na vitone 14, ya pili 21, kila kimoja kikiwa sehemu 20 za gesi hiyo kwa kila sehemu milioni za hewa: kabla ya viwanda hewa ilikuwa na 280, sasa imepita 420. Mishale ya njano ya jua ibaki idadi ileile katika picha zote mbili, la sivyo watadhani jua limezidi kuwaka.