Vita ya Kondoa, 1916

Kaka, umeuliza kama Waingereza, walipopigana na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, waliingia Dodoma kwa reli kutoka Dar. Hapana, Dar yenyewe ilitekwa baadaye, Septemba. Walishuka kutoka Arusha kupitia Kondoa. Van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini upande wa Waingereza, na Makaburu wake wa farasi waliichukua Kondoa Aprili 1916, kisha masika yakawafungia hukohuko: njia tope tupu, farasi wanakufa, chakula hakifiki. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akapanda kutoka upande wa reli, akawavamia usiku wa Mei 9, na mzinga wa meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, aliuburuta hadi kule milimani! Akashindwa. Dodoma ikaanguka mwishoni mwa Julai. Walioumia hasa, kwa maoni yangu, ni Wagogo: ng'ombe, nafaka na vijana wa upagazi vyote vilichukuliwa, ikafuata njaa kubwa iliyoitwa Mtunya.