Kabla ya kulipia laini ya pili ya intaneti Kigali, uliza inatokea wapi

Nafundisha Kiswahili kwa video nikiwa Nyamirambo, Kigali, na wanafunzi wangu wengi wako Ulaya. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 darasa lilianza kukatika: sura zimeganda, sauti zinakuja vipande vipande. Sikuhangaika. Nyumbani nina faiba, na kwenye simu nina bando la kampuni nyingine, nikahamia huko. Nako hali ilikuwa ile ile. Mikongo miwili ya baharini, yaani nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikuwa imekatika, na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zote zikayumba. Kumbe kila mwezi nalipa kampuni mbili kwa njia moja.

Rwanda haina bahari. Kufikia 2011 ilikuwa imeshatandaza faiba ya kilomita zipatazo 2,300 ndani ya nchi, kazi kubwa kweli, lakini data bado lazima ivuke mpaka, na kwa kawaida ama itokee Gatuna, ipite Uganda na Kenya hadi Mombasa, ama itokee Rusumo, ishuke Tanzania hadi Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 1,000 za nchi kavu kabla ya kugusa maji, na mchimba mtaro mmoja njiani anatosha kukukatia somo. Hata hivyo nashukuru. Kabla ya mkongo wa Seacom kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, tegemeo lilikuwa setilaiti, na bei yake haikuwa ya mwalimu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukienda kulipia laini ya pili usiishie kwenye bei na spidi. Uliza: ninyi mnatokea Gatuna au Rusumo? Baharini mnapita mkongo gani? Wa kaunta huenda asijue. Omba kuongea na fundi. Mimi alinieleza aliyekuja kunifungia ruta, kwa dakika kumi tu, na hakuna aliyewahi kunieleza vizuri kama yeye.

Spidi ipime saa 2 usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni, tena tazama ya kupakia, maana mwalimu anarusha sura na sauti muda wote.

Siku hizi natuma mazoezi na sauti za somo jana yake. Video ikigoma tunaizima, tunabaki na sauti, na somo linaendelea.