Wamefungwa na watani wao wa jadi, na bado ni mabingwa?

SWALI: Kaka, salamu kutoka Tanga. Binti yangu anasoma Chuo Kikuu cha Ohio State, mjini Columbus. Mwisho wa Novemba 2024 alinipigia simu analia, timu yao ya mpira wa Kimarekani imefungwa na Michigan, chuo cha watani wao wa jadi. Januari akapiga tena analia, safari hii kwa furaha: wamekuwa mabingwa wa taifa. Nilipompongeza akanijibu, “Lakini Michigan walitufunga, mama.” Mimi nimezoea ligi, mwenye pointi nyingi ndiye bingwa. Timu iliyofungwa mara mbili inakuwaje bingwa? Na huyu mtoto anafurahi au ana huzuni?
Mama wa watatu, Tanga

JIBU: Dada yangu, vyote viwili, tena ana haki. Mimi ni dereva wa basi hapahapa Columbus, na Jumamosi ile ya Novemba 30 nilikuwa zamu. Asubuhi abiria walipanda wakiimba, nyekundu na kijivu kuanzia kofia hadi soksi, baridi hawaioni. Ohio State walikuwa wamepoteza mechi moja tu, kule Oregon, 32 kwa 31. Michigan walikuwa wameshapoteza tano. Nani angewaza?

Alasiri wakarudi. Basi limejaa hadi mlangoni, lakini ninachosikia ni injini. Mzee mmoja ambaye hunishukuru kila anaposhuka alikaa nyuma yangu, kofia ameivua ameiweka magotini, akashuka bila neno.

Michigan walishinda 13 kwa 10, na mkwaju wa ushindi waliupiga zikiwa zimebaki sekunde 45. Kinachouma zaidi ni kwamba mpiga mikwaju wa Ohio State, Jayden Fielding, alikosa miwili siku hiyo, na kila mkwaju ni alama tatu. Piga hesabu mwenyewe. Kisha wachezaji wa Michigan wakaja kusimika bendera yao katikati ya uwanja. Pakazuka ngumi, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Mchezaji wa ulinzi wa Ohio State, Jack Sawyer, kijana wa Pickerington, mji wa jirani kabisa na hapa, akaing'oa bendera ile kwenye mti wake. Hicho kilikuwa kipigo cha nne mfululizo kutoka kwa Michigan. Mjini watu walitaka kocha Ryan Day afukuzwe.

Sasa habari ya ubingwa. Vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 130, na kila timu hucheza mechi 12 tu za kawaida, kwa hiyo hawawezi wote kukutana. Kamati ndiyo inayochagua timu za kuingia kwenye mtoano. Kuanzia 2014 hadi 2023 ziliingia nne tu, na miaka yote hiyo hakuna hata moja yenye vipigo viwili iliyochaguliwa. Msimu wa 2024 ndio wa kwanza kuingiza timu 12, na Ohio State wakapangwa wa nane. Mwaka mmoja nyuma, ndoto ya ubingwa ingezikwa siku ileile, mle ndani ya basi langu.

Basi wakaanza. Desemba 21, usiku wa baridi kali, wakawapiga Tennessee 42 kwa 17 hapa nyumbani. Siku ya mwaka mpya wakakutana na Oregon, walewale waliowafunga Oktoba na ambao walikuwa hawajafungwa na mtu. Kabla ya mapumziko ilishafika 34 kwa 0, ikaisha 41 kwa 21.

Nusu fainali, dhidi ya Texas, moyo wangu ulisimama. Ohio State wanaongoza 21 kwa 14, Texas wamefika yadi moja kutoka mstari wa mwisho. Wakasukumwa nyuma, na jaribio la mwisho likaangukia kwa Sawyer. Akamgonga mrushaji wao, Quinn Ewers, aliyewahi kuishi naye chumba kimoja hapa chuoni. Mpira ukachoropoka, Sawyer akauokota akakimbia nao yadi 83 hadi mwisho. Kijana wa bendera!

Fainali ilichezwa Atlanta, Januari 20, 2025, dhidi ya Notre Dame. Kutoka 31 kwa 7 wapinzani wakasogea hadi 31 kwa 23. Hapo ndipo mrushaji wa Ohio State, Will Howard, alipomrushia mbali Jeremiah Smith, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akaudaka: yadi 56. Na mkwaju wa kufunga hesabu akapewa nani? Fielding. Safari hii ukapita katikati ya nguzo, 34 kwa 23.

Kwa hiyo bintiyo anaposema “lakini Michigan”, usimbishie. Mwulize Fielding alipokosa yeye alikuwa wapi, na alipopata alikuwa na nani. Tia salio la kutosha kwanza.