Ofisi ya jinzi na raba: uvae nini siku ya usaili?

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: mtu ameitwa usaili kwenye ofisi ambayo wafanyakazi wote wanavaa jinzi na raba, je, aende na suti au aende kama wao? Jibu langu: aache yote mawili. Apande ngazi moja tu juu ya wanavyovaa wao siku ya kazi, na pesa aliyotaka kununulia suti awagawie fundi cherehani na fundi viatu.

Wakiwa wanavaa fulana na jinzi, wewe vaa shati la mikono mirefu, au ile fulana ya kola tunayoiita fomu siksi, na suruali ya kadeti. Jinzi nyeusi isiyochanika nayo inafaa. Wakiwa wanavaa shati la kuachia nje, wewe chomekea. Dada avae blauzi yenye mikono na suruali ya kitambaa, au gauni linalovuka goti na viatu vya chini. Ukitinga tai hapo, utaonekana hukuuliza unakokwenda. Fulana iliyopauka ni mbaya zaidi; wao wanaivaa kwa sababu kazi wameshapata.

Kuijua ngazi yao si kazi. Pita karibu na ofisi asubuhi ya Jumanne au Jumatano wanapoingia. Ijumaa inadanganya, maana hata ofisi kali hulegeza siku hiyo. Picha za mtandaoni nazo zinadanganya, nyingi ni za siku ya hafla. Ukikwama, mpigie aliyekuita: "Samahani dada, ofisini kwenu huwa mnavaaje?" Sijaona mtu akinyimwa kazi kwa kuuliza hivyo.

Sasa tuje kwenye nguo yenyewe, maana ofisi ya aina hii haiangalii bei. Inaangalia kama nguo imekukaa na kama ni safi. Mtumba wa Memorial hapa Moshi unatosha kabisa, ila jua kuchagua. Nguo itoe chini ya turubai uitazame juani. Turubai la bluu linabadilisha rangi zote, na nyeusi iliyopauka huonekana mpya kivulini. Angalia kwapani na ndani ya kola: ukiona umanjano, rudisha. Hilo ni doa la jasho lililozeeka, na jiki mara nyingi huliongeza badala ya kuliondoa. Kwenye suruali, angalia mapajani kwa ndani panaposuguana, kisha fungua na kufunga zipu mara kadhaa.

Shati linaanzia mabegani. Mshono wa bega ukae pale mfupa unapoishia. Ukiteremka inchi nzima kuelekea mkononi, liache, hata kama bei ni ya kutupa. Kurekebisha mabega ni kufumua mikono yote miwili, kukata upya na kuirudishia. Fundi akikosea kidogo, kwapa linavuta kila unaponyanyua mkono. Mbavuni ni rahisi, hapo anapunguza huku ukisubiri. Kiuno cha suruali kinakubali kupunguzwa kwa nyuma kama inchi mbili. Ukizidisha, mifuko ya nyuma inasogeleana na mshono wa makalio unapinda. Kuongeza ni habari nyingine: geuza suruali ndani nje uone kitambaa kilichoachwa kwenye mshono. Suruali ya kitambaa mara nyingi ina akiba hapo nyuma, lakini jinzi iliyoshonwa mishono miwili ya kulaliana haina, kwa hiyo usimsumbue fundi.

Ukienda kupima pindo, nenda na viatu utakavyovaa siku yenyewe. Ukipima na kandambili, suruali itakuwa fupi au itajikunja juu ya kiatu. Nguo ikirudi kutoka kwa fundi, ivae, ukae kwenye kiti, uiname kama unafunga kamba, kisha unyooshe mkono kama unasalimia. Vifungo vya kifuani vikiachana, nguo ni ndogo. Na mwambie fundi unaihitaji siku nne kabla ya siku yenyewe. Mafundi tunajuana: "kesho" yetu ina siku nyingi ndani yake.

Kitenge kinapendeza sana kwenye ofisi hizi, ila kiwe kipande kimoja: sketi ya kitenge na blauzi ya rangi moja, au shati la kitenge na kadeti. Kifue kitambaa kabla ya kushona, kwa kuwa cha pamba hurudi kikifuliwa na nguo itakubana.

Pasi ipigwe usiku wa kuamkia, kabla umeme haujakukatikia asubuhi. Suruali yenye mchanganyiko wa poliesta ipige kwa ndani, au uweke kitambaa chenye unyevu juu yake. Ukiikandamiza moja kwa moja inang'aa magotini na mng'ao huo hautoki. Anayetumia pasi ya mkaa afute chini yake kwanza, majivu hayapendi shati jeupe.

Raba zinaruhusiwa iwapo nao wanavaa, lakini ziwe za rangi moja na kamba zake safi. Soli isugue kwa mswaki wa zamani na sabuni, uzianike kivulini. Nyeupe ukiianika juani bila kuifunika kwa karatasi laini za chooni, mara nyingi inakauka na madoa ya manjano.

Hali ya hewa nayo ina neno. Arusha iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti asubuhi zake ni za baridi kweli. Vaa sweta ya rangi moja, jaketi nene liache nyumbani. Moshi ni chini zaidi na kuna joto, hasa Januari na Februari. Hapo epuka shati la kijivu au bluu mpauko, linaonyesha jasho upesi. Nyeupe linaficha vizuri. Lineni nayo haifai kwa anayetoka Moshi kwa Coaster kwenda Arusha, zile kilomita 80 hivi zitaikunja yote. Kwa bodaboda, vaa koti juu na ushuke kabla ya geti, ujikung'ute.

Kwa wanaoomba kazi kwenye kampuni za utalii, nyongeza mbili. Anayetafuta kazi ya kuongoza watalii asivae nyeusi au bluu iliyokoza mwili mzima, kwa kuwa rangi hizo huvutia mbung'o. Kwenye ofisi za mjini, kama Njiro pale Arusha, mbung'o hawatakuuma, lakini meneja aliyekaa porini ataliona. Kaki au kijani kibichi kilichofifia ni salama. Ila nguo za mabakabaka ya kijeshi, ambazo zimejaa kwenye mitumba, usiziguse kabisa: sheria inamkataza raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo.

Na ukifika ukakuta umewazidi kidogo, kunja mikono ya shati mara mbili, mpaka chini kidogo ya kiwiko. Ukikuta wamekuzidi, chomekea na ufunge vifungo vya mikononi. Ndiyo maana nasema shati la mikono mirefu, hata Moshi.

Fundi cherehani, Moshi