Oili chafu kwenye lami? Zima moto kwanza mkuu

Mkuu, unaandika mtumbwi wako wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma, unavuja na fundi amekwambia uchanganye lami na oili chafu "ili ilainike". Zima hilo jiko. Hata mimi niliambiwa maneno hayohayo, na hela ya ushauri akala.

Nilichanganya nusu kwa nusu. Ililainika kweli, brashi inateleza yenyewe, mtumbwi ukang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikaupiga na picha, mjinga mimi. Siku ya tatu naweka kidole, kinanasa. Fundi: "Itakauka tu, bosi." Wiki ya pili bado inanata. Giza likaingia (siku zisizo na mwezi, ndipo dagaa huvuliwa), dagaa hawasubiri mtu, tukashusha hivyohivyo. Kumbe jua la mchana lilishachuruzisha lami yote, pamba ya kalafati (ya kuziba nyufa za mbao) imebaki uchi kwenye maungio. Saa nane usiku taa za mjini tunaziona kama vimulimuli, vijana wawili wanachota maji kwa madumu yaliyokatwa, mimi nawaambia hayo ni mawimbi tu. Asubuhi nyavu zina madoa meusi na dagaa wananuka gereji. Mama mmoja mnunuzi alinusa konzi, akairudisha kwenye beseni, akaniuliza kama nimevua kwenye tangi la lori. Giza zima likaniishia nchi kavu nakwangua uji mweusi, fundi simu hapokei.

Mafuta ya taa ukichanganya na lami huruka taratibu, lami ikabaki ngumu (ila usiyamimine sufuria ikiwa motoni, utawaka wewe). Oili ya injini hairuki. Inakaa humohumo inaiyeyusha lami, maana ni ukoo mmoja.

Lami ya asili ipo, inatoka ardhini yenyewe. Kule Trinidad, kisiwa cha Karibiani, kuna ziwa zima, na mwaka 1595 mpelelezi Mwingereza Walter Raleigh alizibia meli zake kwa lami hiyo. Hakutia oili chafu, injini hazikuwepo, bahati yake. Ya kwenye mapipa ya kwetu ni masalia ya mafuta ghafi yaliyosafishwa, lakini oili inaiharibu vilevile.

Anika mbao zikauke kabisa, shindilia pamba, chemsha lami PEKE YAKE kwa moto mdogo kwenye sufuria kavu, maana maji yakiingia inafura povu na kumwagika. Paka ikiwa ya moto.

Hilo dumu la oili ulilokwisha kununua kapake nguzo za uzio.