Treni ya burudani ya reli moja hubeba watu wangapi?

Swali: Ndugu Mhariri, nimeona picha za treni ya burudani ya Marekani inayopanda na kushuka kwa kasi juu ya reli moja tu, abiria wakikaa mmoja nyuma ya mwingine. Je, foleni yake si ndefu mno? (Msomaji, Katuba, Lubumbashi)

Jibu: Ndugu msomaji, hofu yako ina msingi. Treni za kwanza za aina hiyo, zilizozinduliwa Texas na California mwaka 2018, hubeba watu 8 tu, hivyo hata ikiondoka moja kila dakika, ni watu 480 kwa saa. Jersey Devil ya New Jersey, iliyofunguliwa mwaka 2021, ina viti 12, ambavyo kwa mwendo huohuo vingefikisha 720. Kwa maoni yangu, kazi ya kituoni ndiyo inayoamua zaidi: mhudumu akikawia kukagua vyuma vinavyowabana abiria mapajani, treni ya nyuma husimama ikingoja.